Dirisha la Kimo cha Mtoto

Twiga alipopiga magoti mbele ya ukuta mpya wa chekechea, Timazi alijua siku imeharibika.

Alikuwa amemwona tangu anaingia getini, akivuka rundo la mchanga kwa ile miguu yake mirefu kama mtu anayeruka kijiwe, na moyo ukaruka naye. Miaka miwili, na moyo ulikuwa bado haujajifunza adabu. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi uliporuka haukutua. Ulibaki hewani, kwa sababu alijua mwanamume huyu anakwenda kuona nini, na alikuwa hajapata ujasiri wa kumwambia.

Mwalimu huyu wa chekechea alikuwa na desturi yake. Chumba chochote kipya anachoingia, hukitazama kwanza kwa magoti, kutoka kimo cha mtoto wa miaka minne. Watu walimcheka. Mtu mrefu kiasi kile, ambaye watoto wenyewe ndio waliomwita Twiga hadi jina la kwao likasahaulika, anatambaa sakafuni na suruali iliyonyooshwa kwa pasi! Yeye hakujali. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," angewajibu, kisha angeendelea kutambaa.

Sasa alikuwa ameinama, na mbele ya pua yake kulikuwa na tofali. Juu ya tofali, tofali. Uwazi wa dirisha ulianzia juu ya utosi wake.

Akageuza shingo. Ukuta wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Wa tatu pia.

"Timazi," akaita, bado yuko chini, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Hebu njoo uone. Mafundi wako leo wamekunywa nini? Wamejenga jela."

Timazi akasogea. Alikuwa amezibana ramani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kwenye mvua.

"Nilitaka nikueleze," akasema.

"Unieleze nini? Waambie wabomoe mapema, saruji haijashika sawasawa. Kazi ya siku mbili hiyo." Akasimama, akajipangusa magoti, akamtazama kwa yale macho yake ya upole ambayo yalikuwa yamemponza Timazi tangu mwanzo. "Usisononeke. Kukosea ni kwa watu wote."

Hapo uongo ulimjia Timazi hadi ncha ya ulimi, mtamu, umeshamenywa, umebaki kutafunwa tu. Ndiyo, mafundi wamekosea. Angesema hivyo, Jumapili ingepita salama, na baada ya Jumapili angejua la kufanya. Lakini nyapara alikuwa juu ya jukwaa akisikia kila neno, na nyapara yule hakuwa mtu wa kubebeshwa mzigo wa mwenzake.

"Samahani, mwalimu," akasema kutoka juu. "Mimi nimejenga miaka thelathini. Sijawahi kukosea dirisha moja, sembuse kumi na mawili. Ramani inasema mita moja na nusu kutoka sakafuni. Anayo bosi hapo mkononi. Na sahihi ni yake."

Kicheko kikamtoka Twiga usoni taratibu, kama maji yanavyozama mchangani. Akanyoosha mkono.

"Nione."

"Twiga, tuongee pembeni."

"Pembeni wapi? Kote ni ukuta. Nione hiyo karatasi."

Akampa. Twiga akaifunua juu ya lundo la matofali, akapitisha kidole pembeni mwa mchoro mpaka kikafika kwenye muhuri, na chini ya muhuri ile sahihi ya mkia mrefu. Aliijua. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa mwisho wa kila barua aliyowahi kuandikiwa na mwanamke huyu, na barua zenyewe alikuwa amezihifadhi zote.

"Hii tarehe ni ya wiki tatu zilizopita," akasema polepole. "Ndani ya wiki tatu tumeonana mara ngapi? Juzi umekaa kwangu, nikawa nakuonyesha watoto watakavyokaa kwenye kingo za madirisha na vitabu vyao. Nikaweka na mito ya kukalia. Ukawa unatabasamu. Ulikuwa unatabasamu nini, Timazi?"

Mwiko wa fundi mmoja ulikuwa ukipaka saruji mahali pale pale kwa mara ya nne, sikio liko kwao.

*

Jina la Timazi alipewa na baba yake. Utotoni alikuwa mwembamba, amenyooka kama ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo waashi hupimia ukuta, na alikuwa hakosekani kwenye kazi yoyote ya baba. Baba mwenyewe, mkandarasi, mji mzima ulimwita Mzee Nondo. Binti aliposomea usanifu wa majengo, mzee alitembea wiki nzima kidevu juu. Akampa meza kwenye kampuni yake, akampa kiti kinachozunguka, na kazi ya kwanza ya kujitegemea aliyompa ndiyo hii: chekechea ya mtaa, ambayo kamati ya wazazi ilikuwa imemwachia Mzee Nondo kila kitu, ramani hadi rangi.

Siku ya kwanza Timazi alikwenda kuiona chekechea ya zamani. Vilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya umeme, madirisha yako juu kabisa, yana nondo. Alikwenda na kompyuta yake na viatu vya visigino. Akapokelewa na mwanamume mrefu mwenye gundi kwenye nyusi.

"Wewe ndiye msanifu? Karibu. Piga magoti."

"Nini?"

"Piga magoti. Ukiwa umesimama hivyo utachora jengo la watu wazima."

Alitaka kukasirika. Badala yake alivua viatu, akapiga magoti, akashinda chini asubuhi nzima. Aliona chini ya meza. Aliona magoti ya watu. Aliona kipande cha mbingu kidogo kama leso. Kisha msichana mmoja mdogo akamvuta mkono hadi mlangoni, ambako watoto saba walikuwa wamepanga foleni. Ubao wa mlango ulikuwa umepasuka chini, na kwenye ule ufa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakichungulia barabara.

"Ni zamu yako, shangazi," msichana akamwambia. "Lakini usikae sana, wenzako wanangoja."

Timazi alichungulia. Alipita mtu na baiskeli. Alipita mbwa. Basi. Akageuka na machozi yakimlenga, akakuta mwalimu wa gundi kwenye nyusi anamtazama, na wote wawili wakaona haya bila kujua wamefanya nini.

Kutoka kwenye ufa ule ndiko lilikotoka jengo zima. Alichora madirisha kumi na mawili mapana, yanayoanzia sentimita hamsini tu kutoka sakafuni, mtoto akae, aone barabara, aone mvua, amwone mama yake anapokuja kumchukua. Alichora milango yenye vitasa viwili, cha juu cha mwalimu na cha chini cha mtoto. Aliichora miezi minane, na kila Jumamosi Twiga alikuwa kando yake na rula, akibisha na kucheka, hadi siku moja mikono yao ikakutana juu ya karatasi na hakuna aliyeondoa wake.

*

Alhamisi ile waliishia kwenye kile chumba kidogo kitakachokuwa stoo ya magodoro. Hakikuwa na dirisha lolote, la juu wala la chini.

"Ni mzee wako," Twiga akasema. "Amekulazimisha."

"Hakunilazimisha."

"Basi amekutisha."

"Hakunitisha. Twiga, nisikilize." Akajipangusa vumbi mikononi. "Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumwomba tena. Kuhusu sisi. Unajua amekataa mara ngapi. Safari hii hakukataa. Akaniambia, sawa, waje hao wazee wake Jumapili ya mwisho wa mwezi, nitawapokea. Lakini yale madirisha yako yapande. Mita moja na nusu, kama shule za watu wenye akili."

Nje mashine ya zege iliwaka, ikakohoa, ikazimika.

"Ukakubali," Twiga akasema.

"Nikakubali."

"Kwa hiyo posa yangu imelipwa kwa madirisha."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe. Watoto arobaini wakae gizani ili mimi nipate mke?"

"Si giza! Mwanga utaingia—"

"Mwanga wataingiziwa. Kuona hawataona!" Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti, na ilipopanda iliwashtua wote wawili. Akashusha pumzi, akaegemea ukuta. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Ndiyo maana ya kuniambia!"

Sasa na Timazi hasira zikampanda. Miaka miwili ya kumeza maneno ilimjia kwa mpigo.

"Wewe ni rahisi kwako kukataa! Wewe hukai kwenye meza ile. Kila siku ya Mungu mimi ndiye ninayesikia, mwalimu wa chekechea, mwanamume wa kuimba, mwanamume wa kufuta kamasi. Kila siku nakutetea, nikitoka hapo naja kwako nacheka kana kwamba natoka harusini. Umewahi kuniuliza ninalala vipi? Nilichoka, Twiga. Mlango ulifunguka kidogo, nikapitisha mguu. Ni mstari mmoja tu kwenye kompyuta. Nilifuta chini, nikachora juu. Nilisema moyoni, nikishakuwa mkeo nitapigania madirisha. Nilifikiri wataanza na ukuta wa nyuma. Nilifikiri kuna muda."

Twiga alimtazama muda mrefu, na Timazi akatamani amtukane, maana yale macho yalikuwa mabaya kuliko tusi. Hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa yanamtafuta, kama mtu anayemtafuta mwenyeji wake kwenye umati asimwone.

"Mimi nilikupenda siku ile ulipochungulia kwenye ufa," akasema. "Nilijua huyu ameona. Sasa sijui. Mama yangu amejishonea gauni la Jumapili. Baba mdogo ameomba ruhusa kazini. Nikawaambie nini?"

"Twiga."

"Niache nitoke."

Akatoka. Pale mlangoni alisimama kidogo, na Timazi akadhani anageuka. Alikuwa anajikwangua saruji kwenye kiatu tu.

*

Timazi alimpigia simu akiwa getini, Twiga hakupokea. Akampigia akiwa barabarani, hakupokea. Saa saba mchana, muda ambao Mzee Nondo hurudi nyumbani kula bila kukosa, Timazi aliingia kwao na vumbi lake, akakuta baba ananawa mikono na mama anapakua.

"Baba, nimekuja kuondoa sahihi yangu kwenye ile ramani."

Mzee akaendelea kunawa, kidole kimoja kimoja. "Sahihi ni chaki, uifute?"

"Naandika barua leo. Ikifika, kazi inasimama, maana hakuna anayejenga bila sahihi ya msanifu. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Kula kwanza."

"Sili."

"Anakasirikia tumbo lake," mama akasema, akiweka sahani ya tatu hata hivyo. "Ni yule kijana amekutuma?"

"Hajanituma. Hata simu yangu hapokei."

"Basi afadhali."

"Mama!"

"Nimesema nini? Mimi sina ugomvi naye. Ana adabu, anaamkia vizuri, hanuki sigara. Lakini mwanamume mzima, jua linachomoza hadi linatua, anafuta watu kamasi! Wenzangu wakiniuliza mkweo anafanya kazi gani, niseme anaimba?"

"Sema ni mwalimu."

"Mwalimu wa watu wasiojua kufunga viatu."

"Mimi nani alinifundisha kufunga viatu?"

"Mimi," mama akasema, akaenda jikoni kutafuta chumvi iliyokuwa mezani.

Timazi akakunjua ramani ya kwanza, ile ya madirisha ya chini, katikati ya sahani. Mzee Nondo akaisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Ondoa. Nimejenga shule ishirini na moja. Madirisha yote juu. Mtoto akiona nje, kichwa kinakwenda nje."

"Hiyo siyo sababu yako, baba. Ungekuwa unajali kichwa cha mtoto usingenipeleka mimi kazini kwako nina miaka mitano."

"Nimesema ni sababu yangu."

"Na mimi nasema siyo. Miezi minane hukusema kitu kuhusu madirisha. Ulingoja mpaka nimekuja na shida yangu ndipo ukayakumbuka. Kwa nini?"

Mzee alitua kijiko. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, na akikasirika huwa mdogo wa sauti, kiasi kwamba mafundi wake walimwogopa zaidi akinong'ona.

"Nilikuwa kibarua," akanong'ona. "Kabla hujazaliwa. Tulijenga shule ya ghorofa. Mwenye ramani alipenda madirisha ya chini kama wewe, mapana, mazuri. Tulikuwa hatujamaliza kupaka rangi. Watoto wakaingizwa kabla ya muda. Mmoja aliegemea. Mimi ndiye niliyekuwa chini na toroli. Mimi ndiye niliyemwokota." Akafuta mdomo ambao haukuwa na chochote. "Hakufa. Lakini mguu ule haukunyooka tena. Kila nilipokuwa nikikutana naye njiani nilibadilisha njia. Kwa hiyo usinifundishe habari za madirisha."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hana chumvi mkononi. Ilionekana alikuwa akilijua jambo lile siku zote.

Timazi akakaa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepotewa na mahali pa kupiga.

"Pole, baba," akasema. "Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie ili iweje?"

"Ili nikuonyeshe." Akairudisha ramani, akaweka kidole. "Hili jengo halina ghorofa. Nje ya dirisha ni bustani, na bustani iko sawa na sakafu. Na dirisha lenyewe chini halifunguki. Hiki ni kioo kimefungwa, kinene. Kinachofunguka ni hapa juu, ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Yote yameandikwa hapa pembeni. Uliisoma, baba, au uliiangalia tu?"

Mzee Nondo akaitazama ramani, halafu akaangalia kando, na Timazi akaelewa. Hakuwa ameisoma. Miezi minane ilikuwa mezani kwake, kazi ya kwanza ya binti yake, naye alikuwa ameona madirisha ya chini, akafumba macho.

Ilimuuma kuliko yote yaliyotokea siku ile.

"Ukuta umeshapanda," mzee akasema hatimaye. "Nimeshawaambia mafundi. Nimeshaiambia kamati. Mimi neno langu likitoka halirudi."

"Na mimi naandika barua."

"Andika. Ila kumbuka, ahadi yangu ya posa ilitegemea madirisha hayo. Jumapili hakuna mgeni hapa."

Mama akaguna. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtaumana mpaka lini nyie wawili?"

Timazi akavuta kalamu. Mwandiko ulitoka mbaya kama wa mtoto, lakini aliandika hadi mwisho, akaweka sahihi, akaipeleka upande wa baba yake wa meza. Alipotoka nje akampigia Twiga. Simu iliita hadi ikakatika.

*

Ijumaa kazi ilisimama. Nyapara aliwaruhusu mafundi warudi nyumbani saa tatu asubuhi, akaisoma mara mbili nakala ya barua aliyopewa na Timazi huku midomo ikimcheza, akamtazama Timazi kwa namna asiyowahi kumtazama.

"Mzee amekubali?"

"Hajakubali."

"Na mwalimu?"

"Hajui. Hapokei simu."

Nyapara akakunja barua vizuri kufuata mikunjo yake ya zamani. Akaitia mfukoni.

Jumamosi ilikuwa ndefu kama foleni ya hospitali. Kwa miaka miwili alikuwa ameipigania Jumapili hii, na sasa hakuwa na posa, hakuwa na madirisha, hakuwa na Twiga. Alikuwa amekifanya kilicho sawa, na kilicho sawa hakikumpa hata glasi ya maji. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipanga penseli kwa rangi. Aligombana na mama kuhusu kifuniko cha sufuria, wakanuniana hadi jioni.

Jumapili saa nne, hodi ikabishwa mlangoni.

Alifungua mwenyewe, na moyo wake usio na adabu ukaruka hadi mahali ambapo haujawahi kufika. Twiga alikuwa amesimama pale na shati jeupe. Nyuma yake mama yake, mwembamba, amevaa gauni jipya la buluu, na baba mdogo akiwa na tai iliyokuwa ikimkaba.

"Umekuja kufanya nini?" Timazi akanong'ona. "Baba amekataa. Hakuna posa."

"Najua. Nyapara alikuja kwangu Ijumaa, akanieleza yote." Hakutabasamu. "Tumekuja kukataliwa ana kwa ana."

"Na mimi gauni nimeshalishona, mwanangu," mama yake Twiga akaongeza. "Fundi halichukui tena."

Mama yake Timazi akaja, akawaona, akageuka kuangalia mlango wa chumbani kwa mumewe. Ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Akasimama pale katikati, ameshika kitambaa cha vyombo, akipima. Halafu akatoa viti vitatu nje, kimoja kimoja, akavipanga kwenye baraza.

"Kuwakaribisha ndani siwezi, mwenye nyumba hajasema," akasema. "Lakini kiti ni kiti."

Wakakaa. Baba mdogo alisifia rangi ya geti. Mama yake Twiga alisifia baraza. Twiga alikaa, magoti yake marefu yamepanda karibu na kidevu, na Timazi akasimama kando ya nguzo, hawezi kuondoka, hawezi kukaa karibu naye. Mara mbili macho yao yalikutana. Mara zote mbili Twiga aliyaondoa wa kwanza, lakini mara ya pili alichelewa.

Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Baba mdogo akalegeza tai.

Ndipo mlango wa chumbani ukalia, na Mzee Nondo akatoka. Hakuvaa kama mtu anayepokea posa. Alikuwa na miwani ya kusomea puani, na mkononi alishika ramani ya kwanza, ile ya asili, imejaa alama za kalamu nyekundu. Aliwapita wageni kana kwamba ni sehemu ya baraza, akasimama mbele ya binti yake.

"Hiki kioo cha chini. Unene?"

"Milimita kumi. Tabaka mbili zimegandishwa pamoja."

"Mtoto akikipiga na kichwa?"

"Ataumia kichwa. Kioo hakitoki mahali pake."

"Akikipiga na jiwe?"

"Kitapasuka, hakitamwagika."

Mzee akageuza karatasi. "Na wewe, mwalimu." Twiga akasimama haraka hadi kiti kikaanguka. "Watoto wameanguka wangapi mikononi mwako?"

"Wanaanguka kila siku, mzee. Kwenye bembea, kwenye ngazi, wengine wamekaa tu wanaanguka."

"Dirishani?"

"Hakuna, mzee. Na siwezi kukuahidi kuhusu siku zijazo. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba nitakuwa naangalia."

Mzee Nondo alimtazama kijana huyo mrefu kwa muda, akavua miwani, akaifuta na shati, ingawa haikuwa na uchafu.

"Kesho saa moja nyapara aanze na ukuta wa mashariki," akasema, akimwambia Timazi. "Abomoe kwa mkono, nisisikie nyundo kubwa. Tofali zima lisivunjwe. Kamati nitaieleza mimi kwamba nilisoma vibaya." Neno hilo la mwisho lilimtoka kama jino. "Na nitapima kioo mwenyewe. Kikiwa milimita tisa, narudisha ukuta."

"Ndiyo, baba."

"Hilo ni la dirisha." Akageuka kwa wageni, kama ndiyo kwanza anawaona, akampa mama wa gauni la buluu mkono. "Hili la pili sijalijibu, na leo silijibu. Mimi si mtu wa kujibu mambo mawili kwa siku moja. Lakini mbona mmekaa nje kama wadai? Ingieni."

Wakaingia, baba mdogo akiikaza tai upya. Ndani sauti ya mama ilianza kuhesabu vikombe na kulalamika kwamba havitoshi.

Twiga alibaki nyuma kuinua kiti kilichoanguka. Timazi naye alibaki, kwa sababu asiyoijua.

"Bado nina hasira na wewe," Twiga akasema, akiwa ameinamia kiti.

"Najua."

"Siyo ya kuisha leo."

"Na mimi nina yangu. Siku tatu hukupokea simu hata moja."

"Nilizihesabu. Kumi na nne."

"Kuzihesabu siyo kuzipokea, Twiga."

"Siyo," akakubali. Akanyooka, akiwa bado ameshika kiti, na safari hii hakuondoa macho. "Siku nyingine ukikwama na baba yako, njoo uniambie kabla hujachora. Hata kama nitakataa. Tukatae wote."

"Na wewe nikikupigia, pokea. Hata kama ni kunigombeza."

"Nitapokea."

"Haya."

"Haya."

Akampa kiti akiingize ndani. Vidole vyao viligusana kwenye mgongo wa kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuna aliyekuwa na haraka.

"Timazi!" mama akaita. "Watu wana kiu huku!"